Miguu ya kuku ikifanya ukoko mweupe

Jamani mnaofuga kuku hapa Mombasa, leo magharibi wakishaingia tunduni hebu washikeni mmoja mmoja muwamulike miguu kwa tochi. Mguu ulio salama magamba yake yamelala laini, ukiona yamenyanyuka, mguu umenenepa na una ukoko mweupe kama chokaa basi si uzee huo, ni utitiri umejichimbia chini ya magamba na huyo kuku anaumia kweli, ukimuacha ataanza kuchechemea na hata vidole huweza kukatika.

Dawa iko nyumbani. Loweka miguu kwa maji vuguvugu ya sabuni kama dakika 10, sugua polepole na mswaki mkuukuu, ukoko usiubandue kwa kucha utamtoa damu, kausha halafu paka vaselini ama mafuta ya nazi mengi mpaka yaingie kwenye magamba, hapo wadudu wanakosa pumzi. Rudia kila siku 2 au 3 kwa wiki kadhaa, usikate tamaa maana magamba mapya huchukua miezi kutoka. Mafuta ya taa tafadhali achaneni nayo, yanaunguza ngozi!

Tibu wote, wanaambukizana, na fito wanazolalia zisugue pia. Ikizidi muone daktari wa mifugo.