Somo: Kupima majani ya mpera yanayochemshwa kwa kikohozi

Wengi huyachemsha. Hapa tunatafuta mna nini ndani yake, kwa vifaa vya maabara ya sekondari.

1. Chuma majani yaliyokomaa, osha, anika kivulini siku 5 hadi 7, mpaka ukifikicha yavunjike. Kwa unyevu wa Mtwara na Lindi wakati wa mvua, majani yaliyorundikana huota ukungu upesi. Yatandaze safu moja kichanjani. Yakishaota ukungu, tupa yote.

2. Twanga, chekecha. Gramu 50 za unga, mililita 500 za ethanoli ya asilimia 70, chupa ya kioo yenye kifuniko, saa 72. Tikisa asubuhi na jioni.

3. Chuja, kisha kausha kwenye bakuli lililokaa ndani ya maji ya moto yaliyokwisha kuipuliwa. Usiweke karibu na jiko, mvuke wa ethanoli hudaka moto. Kinachobaki ni utomvu mzito unaonata.

4. Tanini (kemikali ya mmea yenye ukakasi): yeyusha nusu gramu ya utomvu huo kwenye mililita 10 za maji, chuja, dondoshea feriki kloridi ya asilimia 5. Weusi wa buluu au wa kijani ni tanini. Kinu au sufuria yenye kutu huharibu kipimo hiki: tanini hukutana na chuma mapema na mchanganyiko wako unakuwa mweusi kabla hujadondosha chochote.

5. Saponini (kemikali ya mmea inayotoa povu kama sabuni): utomvu na maji kiasi kilekile, tikisa kwa nguvu sekunde 30, acha dakika 15. Povu la vitundu kama sega la nyuki, likibaki zaidi ya sentimita 1, ni saponini. Au ni sabuni! Ndiyo maana kila kipimo kinataka testityubu ya pili yenye maji matupu, iliyooshwa pamoja na ile ya kwanza.

MASWALI

Ethanoli ni ghali. Gongo la mabibo halifai?
Halifai. Hujui nguvu yake, na lina vitu vyake vingine vya kuvuruga kipimo. Spiriti ya buluu nayo ina methanoli, ambayo ni sumu.

Mwalimu, povu limesimama. Nimpe mtoto anayekohoa?
Hapana. Povu linasema saponini ipo, halisemi kikohozi kitapoa. Hilo hupimwa kwa simbilisi (guinea pig): huvutishwa mvuke wa asidi sitriki, wanahesabiwa wanakohoa mara ngapi, na waliopewa dawa wanalinganishwa na waliopewa kodeini (dawa ya kutuliza kikohozi) na waliopewa maji. Kupima kwa watu kunahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mtoto akikohoa wiki 2, mpeleke akapimwe kifua kikuu.

Kwa nini simbilisi, panya si wapo tele?
Panya hakohoi kama sisi. Simbilisi anakohoa.