SOMO: Gemu ya kuchora bila kuinua kidole, unaanzia wapi na kwa nini unakwama

Wakuu, kila siku naulizwa "levo hii naanzia wapi", nimechoka kujibu mmoja mmoja, naweka yote hapa. Naongelea zile gemu za nukta na mistari, kila mstari unaupita mara moja tu.

1. Usiguse skrini kwanza.

2. Kila nukta, hesabu mistari inayoigusa.

3. Tafuta nukta zenye witiri (1, 3, 5). Zikiwa mbili, anzia moja utamalizia nyingine. Kama hakuna, anzia popote, utarudi ulikoanzia. Sababu ni kwamba ukiingia kwenye nukta lazima utoke, mistari inaisha miwili miwili, ukibaki mmoja basi hapo ni mwanzo au mwisho.

4. Hapa ndo wengi wanafelia, mtu kaanza sehemu sahihi kabisa na bado anakwama. Kabla hujapita mstari jiulize, nikishaupita huu nitaweza kurudi kwenye mistari iliyobaki huku nyuma? Kama huwezi, huo ni daraja, uache, chukua mwingine kwanza. Daraja unalipita pale tu ambapo hiyo nukta haina mstari mwingine uliobaki. ANGALIZO: mstari ambao mwanzoni haukuwa daraja unageuka daraja kadri unavyomaliza mingine, kwa hiyo kagua KILA hatua, usikague mwanzoni tu.

5. Maliza.

MASWALI

– Mkuu ile nyumba yenye X ndani naanzia wapi?

Namba 3. Kona za chini zina mitatu mitatu, za juu minne minne, kilele cha paa miwili. Anzia chini.

– Mi nina mraba wenye X bila paa, kona zote zimegoma, njia yako uongo

Sio uongo, hujahesabu. Kona zote nne zina mitatu, yaani witiri nne, haichoreki. Angalia tena, lazima kuna mstari mnene hapo, ule unapitwa mara mbili, uhesabu kama miwili.

– Kwa nini naona witiri mbili au nne, sijawahi kuona tatu?

Swali zuri sana hili. Kila mstari una ncha mbili, kwa hiyo ukijumlisha hesabu za nukta zote lazima upate shufwa, na witiri tatu haziwezi kutoa shufwa. Ukipata tatu jua umehesabu vibaya, rudia. Haya aliyaonyesha mwanahisabati Leonhard Euler mwaka 1736 kwenye madaraja saba ya mji wa Königsberg, siku hizi Kaliningrad, Urusi. Nchi kavu sehemu nne, moja ina madaraja 5, zingine 3, 3 na 3. Witiri nne, ndo maana hakuna aliyeweza kuyapita yote mara moja moja.

– Na ile ya kujaza viboksi vyote?

Hiyo ni nyingine kabisa, pale unapita kila kiboksi, sio kila mstari, kuhesabu witiri hakusaidii. Ila vipake rangi kichwani kama ubao wa drafti. 5 kwa 5 inatoa 13 za rangi moja na 12 za nyingine, na kila hatua unabadili rangi, kwa hiyo lazima uanzie na umalizie kwenye zile 13, kona zote nne zimo humo. Kukiwa na viboksi vilivyozibwa, hesabu upya. Rangi zikilingana, anzia rangi moja utamalizia nyingine.

– Dah, nimetoboa levo iliyonigomea wiki nzima!

Safi. Jaribu na 7 kwa 7, mule ni 25 na 24.