Juliasi Kaizari darasani: kuigiza kwanza, filamu baadaye

Unapofundisha Juliasi Kaizari, tamthiliya ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa mtawala wa Roma, usianze na filamu. Mwanafunzi akishamwona Marlon Brando akiwa Mark Antony, rafiki wa Kaizari, katika filamu ya mwaka 1953, atamwiga Brando, na mistari aliyopaswa kuitafutia maana atakuwa ameshatafuniwa. Aisome kwa sauti yake kwanza.

Wala usibebe tamthiliya nzima. Chukua tendo la tatu, onyesho la pili: Brutus, mmoja wa wauaji, anawaeleza Warumi kwa nini Kaizari ameuawa, wanamshangilia, Antony anapanda baada yake na kuwageuza hadi wanatoka mbio kwenda kuchoma nyumba za wauaji. Umati ndio unaobeba onyesho hili, kwa hiyo darasa la wanafunzi 60, ambalo si ajabu kulikuta Dodoma, hapa linakuwa mtaji. Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthiliya hii mara ya kwanza mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Tumia hiyo ya pili.

Hotuba ya Antony ni ndefu. Ipunguze ibaki mistari 50 hivi, uwagawie wasemaji watano. Sehemu nne usiziguse: pale anaporudia kumsifu Brutus kuwa mtu wa heshima, pale anapotaja wosia wa Kaizari bila kuusoma, vazi la Kaizari lililotobolewa kwa visu, na wosia unaposomwa. Sifa ile ya heshima ndiyo roho ya hotuba. Mwambie mwanafunzi mmoja aitamke mara tatu: kwanza kama anayemwamkia mzee, kisha kama mwenye mashaka, kisha kama tusi. Maneno hayabadiliki, ila darasa litasikia kisu kikinolewa. Ukipata hilo tu katika kipindi kizima, umefundisha kinaya, yaani kusema kinyume cha unachomaanisha, kuliko maelezo ya ubaoni.

Umati ugawe makundi manne, kila kundi na msimamo wake: wanaomwamini Brutus, waliompenda Kaizari, wanaofuata upepo, na wanaowaza tu watapata nini kwenye wosia. Kila kundi liandike majibu yake mafupi matano na kujua yanaingia baada ya neno gani la msemaji. Bila hivyo utapata kelele tupu zinazomzima msemaji, kosa linalojitokeza kila mahali. Kama shule ina ngoma ya muheme, ile ya Wagogo, pigo moja liwe ishara ya kunyamaza. Mkono wa mwalimu hauonekani katikati ya watu wanaorukaruka.

Mazoezi yafanyeni nje, chini ya mti, lakini kiangazi cha Dodoma kina upepo. Rusha vumbi kidogo uone linakoelekea, kisha mweke msemaji upande unakotoka upepo ili sauti yake ichukuliwe kwenda kwa wasikilizaji. Akikaa kinyume atapiga kelele, atakauka koo, na mistari ya mwisho haitasikika. Kosa jingine ni kughani kama shairi la kukariri: sauti inapanda na kushuka vilevile kila mstari. Dawa yake ni kumtaka amtazame mtu mmoja wa umati na kumwambia yeye sentensi nzima, ndipo ahamie kwa mwingine.

Mavazi hayahitaji fedha. Shuka iliyofungwa lubega inatosha kuwa vazi la Mrumi. Kwa vazi la Kaizari tafuta shuka nyeupe chakavu, itoboe mapema, na uchemshe konzi mbili za choya kavu (rosela) katika nusu lita ya maji ili upate doa jekundu. Usiifue kwa sabuni kabla ya onyesho, rangi itageuka kuwa ya zambarau. Antony aonyeshe matundu moja moja akitaja Cassius, Casca, halafu Brutus, akitulia kidogo kila tundu. Wanafunzi huwa wanaharakisha hapa, na mwili wa Kaizari ulio chini ya vazi ukifunuliwa haraka umati hucheka badala ya kushtuka.

Sasa leta filamu, siku inayofuata. Jaribu flashi yenye filamu kwenye kompyuta ileile utakayotumia, ziba madirisha ya upande wa jua kwa kanga nzito au kaniki, na beba spika: sauti ya kompyuta haifiki nyuma ya darasa chini ya bati. Onyesha dakika tatu tu, kwanza bila sauti. Waulize kamera inamwonyesha nani, na lini. Kuna mahali Brando anaupa umati mgongo na sisi tunauona uso wake akipima maneno yake yalivyofanya kazi. Kisha onyesha hotuba hiyohiyo katika filamu ya mwaka 1970, Charlton Heston akiwa Antony, na uwaache wabishane ni Antony yupi anayeomboleza kweli. Watambue pia kuwa John Gielgud ni Cassius katika ile ya kwanza na Kaizari katika hii.

Rudini uwanjani mrudie onyesho, msemaji akiwatazama watazamaji na umati ukiwa nyuma yake, ili uso wake uonekane kama kamera ilivyouonyesha. Rekodi kwa simu ya mwalimu, ikiwa imeshikwa kwa upana, hatua mbili kutoka kwa msemaji. Ukisogea mbali zaidi utanasa upepo. Dakika moja na nusu, bila kukata.

Umeme ukikatika, wasomee maelekezo ya jukwaani na kila kundi lichore mahali pake lingeweka kamera. Kazi ya kuandika ni moja: ni mstari upi uliokugeuza ukiwa ndani ya umati, na kwa nini? Mstari unukuliwe neno kwa neno kutoka kitabuni. Asiyenukuu arudishiwe daftari, kwa sababu mtihani nao unadai hoja yenye mfano.