Kijana, anza na ukili uliokwisha kusukwa

Kama uko Pemba, Unguja au Tanga na ajira hakuna, ususi wa mikeka na mikoba usiwaachie kina bibi peke yao. Mkeka mzima usianze nao, unakula muda na mtaji wako utalala. Nunua ukili, yaani ule utepe mrefu uliosukwa kwa ukindu au miyaa, kwa pima (urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) kutoka kwa wasukaji wazee, kisha ushone mikoba: kitambaa ndani, zipu, mikanda ya ngozi. Hapo ndipo bei inapopanda, na bibi naye anapata riziki yake. Ukili wa rangi usugue kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ukichuja, uache, utaharibu nguo ya mteja. Usiochuja uanike ukauke kabisa kabla ya kuuhifadhi, la sivyo utaota ukungu. Ukipanga bei, hesabu na siku zako za kushona.