SOMO: Kupima isotopu kwenye mbegu za nafaka ndogo zilizoungua (na kwa nini −10 si umwagiliaji)

Swali linarudi kila mara: "Mbegu zangu zimetoa δ13C (kipimo cha kaboni nzito, 13C, dhidi ya nyepesi, 12C, kwa elfu) ya −10, je, shamba lilimwagiliwa?" Naandika jibu hapa mara moja, pamoja na hatua zake. Mfano ni nyanda za loesi (udongo laini ulioletwa na upepo) kaskazini mwa China, zama za Yangshao (5000–3000 KK), ambako watu walilima Setaria italica na Panicum miliaceum, ndugu wa uwele na ulezi.

1. Elesha udongo wa uchimbaji majini, kinga kwa chekeche la mm 0.3, kausha kivulini.

2. Tenganisha aina kwa hadubini. Kiini kikiungua huacha kishimo: kwa Setaria ni chembamba na kirefu, kama theluthi mbili ya mbegu au zaidi, kwa Panicum ni kipana na huishia karibu na nusu.

3. Chagua mbegu 20–30 za aina moja kutoka shimo moja au jiko moja. Mbegu moja haitoshi kupimwa. Zilizovimba zikawa kama sifongo, acha: moto ulizidi.

4. Asidi. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo soma taratibu. Loesi ina chokaa nyingi, na hujipachika ndani ya kile kishimo cha kiini, mahali ambapo brashi haifiki. Chokaa hiyo huwa na δ13C kati ya karibu 0 na −8. Ikibaki kwenye ngano yenye −23, namba inaruka na utashtuka. Ikibaki kwenye mbegu yenye −10, namba inasogea kidogo tu, inaonekana nzuri kabisa, nawe unaichapisha. Tumia asidi ya haidrokloriki ya 0.5 M kwa nyuzi 70, dakika 30 hadi 60, mpaka mapovu yaishe. Kisha pasua mbegu moja na uidondoshee asidi: ikitoa povu, rudia zote. Mwenye kipimo cha infraredi atazame 870 na 720 kwa sentimita (cm⁻¹). Vilele hivyo viwili ni vya chokaa. Suuza mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa. Ukitengeneza asidi kutoka ile ya asilimia 37, weka maji kwanza, mimina ml 41 za asidi humo, kisha jaza hadi lita moja. KAMWE usimimine maji juu ya asidi kali.

5. Kausha kwa mashine ya kugandisha, saga kwenye kinu cha akiki.

6. Pima kwenye vikapsuli vya bati: mg 1 ya unga kwa kupima kaboni, mg 3 za unga kwa kupima nitrojeni. Zipimwe mbali mbali, maana kaboni ni nyingi mno ukilinganisha na nitrojeni.

7. Weka USGS40 na USGS41 (sampuli za rejea zenye thamani zinazojulikana) kila mzunguko. Kiwango kimoja hakitoshi kunyoosha mizani.

8. Kusoma namba. Ngano ikikosa maji hufunga matundu ya majani, na δ13C yake husogea waziwazi. Nafaka hizi ni mimea ya C4, kundi moja na mahindi, tofauti na ngano: hukusanya kaboni dioksidi ndani ya seli zinazozunguka mishipa ya jani, na sehemu yake huvuja. Alama ya maji inabaki ndogo, mara nyingi chini ya 1 kwa elfu, na mwelekeo wake unaweza hata kugeuka. Kwa hiyo −10 inakuambia tu kwamba huu ni mmea wa C4. Habari ya shamba iko kwenye nitrojeni. Samadi hupoteza nitrojeni nyepesi (14N) kama amonia, nzito (15N) hubaki, mmea huila, na δ15N (kipimo cha nitrojeni nzito) hupanda. Lakini ukame nao hupandisha δ15N. Basi linganisha na mifupa ya kulungu wa eneo hilohilo: toa kama 4 kwenye δ15N ya mfupa upate ya chakula chake cha porini. Viwango vya samadi vya ngano ya Ulaya usivihamishe.

MASWALI

Kipanga: Mkuu, zangu ni −9.8. Kilimo cha umwagiliaji, siyo?
— Hatua ya 8.

Zawadi: Niliacha kwenye asidi moto usiku kucha ili niwe salama, sasa sampuli imepungua sana. Asidi mbovu?
— Asidi ni nzima. Nimeandika dakika 30 hadi 60. Ukizidisha unayeyusha sampuli yenyewe. Anza na mbegu nyingine.

Mwanaidi: Shikamoo mwalimu. Niko Dodoma, naweza kuunguza uwele na ulezi wa sasa nilinganishe?
— Marahaba, na fanya hivyo! Funga mbegu kwa karatasi ya alumini, zifukie kwenye mchanga ili hewa isipite, tanuri nyuzi 230, saa 4, 8 na 24. Pima mbichi na zilizoungua za suke lilelile. Kwa ngano na shayiri kuungua huongeza δ15N kama 0.3, kwa uwele wako tumia tofauti utakayoipata mwenyewe. Chagua mashamba yaliyotiwa samadi miaka mingi, msimu mmoja hauonyeshi vizuri. Na kabla ya kulinganisha kaboni ongeza kama 2: δ13C ya hewa ya leo ni karibu −8.5, ya kabla ya viwanda −6.4.

Mwanaidi: Asante sana. Na unga unanata kwenye mirija ya plastiki.
— Umeme tuli. Hamia chupa ndogo za kioo.

Baraka: Nyongeza: vikapsuli shikeni kwa koleo, si kwa vidole. Jasho lina nitrojeni.
— Kweli kabisa. Na weka kikapsuli kitupu kila baada ya sampuli 10.