Kujiwekea Mikato ya Kibodi katika Terminali ya Kitty

Fundi wa Nairobi anayeshinda kutwa akiendesha seva kwa amri za maandishi hunufaika sana akijiwekea mikato yake ya kibodi, ilimradi ajue kwanza ni vitufe gani visivyofaa kuguswa. Ctrl+C hukatiza amri inayoendelea, Ctrl+Z huisitisha kwa muda, na Ctrl+R hutafuta amri za awali katika Bash, programu inayopokea na kutekeleza amri zako. Mkato wowote uliouweka katika terminali, yaani programu ya dirisha la kuandikia amri kama Kitty, hunaswa hapo hapo kabla haujaifikia Bash, kwa hiyo ukiipa Ctrl+R kazi ya kufungua kichupo (tab), utaupoteza utafutaji huo. Ndiyo sababu kunakili hufanywa kwa Ctrl+Shift+C, nami nashauri mikato yako pia ianze kwa Ctrl+Shift.

Mipangilio ya Kitty hukaa katika faili ~/.config/kitty/kitty.conf, ambayo hufunguka ukibonyeza Ctrl+Shift+F2. Nenda mwisho wa faili uandike neno map, kisha vitufe, kisha kazi unayoitaka:

map ctrl+shift+d launch --type=tab --cwd=current

Mstari huu hufungua kichupo kipya katika folda ileile uliyokuwa ukiifanyia kazi, jambo linalokuepusha kuandika cd, amri ya kuhamia folda, kila mara. Hifadhi faili, kisha bonyeza Ctrl+Shift+F5 ili mabadiliko yasomwe bila kufunga programu. Mkato usioutaka huzimwa kwa no_op. Mimi huzima Ctrl+Shift+Q, kwa kuwa hufunga kichupo kizima:

map ctrl+shift+q no_op

Ipo pia kazi ya send_text, inayoweza kukuandikia amri ndefu ya ssh (ya kuingia kwenye seva ya mbali), lakini usiweke humo nywila kamwe, kwani faili hiyo husomeka na yeyote anayeifungua.

Katika kuchagua vitufe, pendelea herufi kuliko alama. Kompyuta nyingi zilizotumika ng'ambo na kuuzwa madukani kama yale ya Luthuli Avenue huwa na kibodi za Uingereza, ambazo alama za @ na # haziko mahali zilipo kwenye kibodi za Marekani, na mkato uliotegemea alama huenda usifanye kazi ukihamia mashine nyingine.

Mkato ukigoma, chunguza kwanza mipangilio ya kibodi ya mfumo wenyewe, kwa sababu huenda umeshauchukua. Usipouona huko, endesha kitty --debug-input katika terminali nyingine, ubonyeze vitufe vyako katika dirisha litakalofunguka, na usome Kitty imepokea nini.