Kanga Ndani ya Koti: Kuvaa Kipupwe cha Njombe kwa Mitumba

Nilipopangiwa kituo cha kazi Njombe mwaka 2014, nilitoka Tanga na begi lenye magauni matano ya kitambaa chepesi, doti nne za kanga na sweta moja la shule la mdogo wangu. Nilishuka stendi alfajiri ya mwezi wa sita, ukungu umefunga hata taa za magari hazionekani. Wiki ile niliingia darasani nimejitanda blanketi juu ya gauni, na wanafunzi hawakushangaa. Mji huu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Juni hadi Agosti kila mtu anavaa alichonacho.

Hilo la kuvaa ulichonacho ndilo linaloniuma. Watu wanavaa koti jeusi juu ya sweta jeusi kipupwe chote, na huku sokoni kwenye meza za mitumba yamejaa masweta ya kila rangi kwa bei ya sahani ya chipsi. Nawaandikia hao, na ndugu yangu wa Pwani aliyepangiwa Njombe, Makete au Mbeya na hajui aanzie wapi.

Sokoni

Makoti mazito yanapanda huku kwa sababu watu wa Dar es Salaam hawana kazi nayo. Dada ninayenunua kwake huanza kuagiza belo la makoti na belo la masweta mwezi wa tano. Muulize wako anafungua belo siku gani, uwepo siku hiyo. Saa moja asubuhi unachagua. Saa sita unaokota waliyoyaacha wenzako. Ila bei nayo ina saa yake. Belo likiwa bichi hashuki hata shilingi. Jioni ya siku ya tatu anakuita mwenyewe kwa salamu ya huku: "Kamwene, mwalimu! Njoo unimalizie hizi, elfu mbili mbili." Kwa hiyo koti nalinunua asubuhi kwa bei yake, lakini skafu na mashati nayasubiria jioni.

Siku hiyo vaa taiti na blauzi ya kubana, ili ujaribie palepale bila kutafuta pa kujificha. Koti lipime bega kwanza. Mshono wa bega ukikaa penye mfupa wa bega lako, yaliyobaki fundi atayamaliza: mikono ataifupisha, kiuno atakibana, urefu ataupunguza. Bega likianguka, lirudishe mezani hata kama ni elfu tatu. Kufumua bega la koti ni kazi ambayo mafundi wengi wanaikataa, na atakayekubali atakutoza kuliko koti lenyewe. Halafu funga vifungo, upitishe ngumi kati ya koti na kifua. Ngumi isipopita, sweta halitaingia, na koti lisiloingia sweta huku halikufai. Linyanyue lielekee juani utafute matundu ya nondo, wale wadudu wanaokula sufu. Angalia makwapa. Zipu ivute mara tatu.

Usipite meza ya wanaume bila kupekua. Makoti yao yana kitambaa kizito na mifuko ya kweli, wakati ya kike mengi yameshonwa ya kupendeza tu, upepo wa Makambako unayapita kama chandarua.

Sweta litafute la sufu, maana sufu hukupa joto hata ikishika unyevu wa ukungu. Lebo zinakuja kwa lugha za wenyewe: wool, laine, lana, Wolle, zote ni sufu. Lebo ikiwa imekatwa, omba uzi mmoja wa mshono wa ndani, usogee pembeni uuwashe kwa kiberiti. Ukinuka kama nywele zinazoungua na majivu yake yakasagika vidoleni, ni sufu. Ukiyeyuka ukaacha tone gumu jeusi, hiyo ni akriliki. Akriliki siikatai kwa skafu na kofia ya mzula, rangi zake ni kali na hazichuji, ila kifuani nataka sufu.

Nguo za ndani za mitumba usiguse. Zimepigwa marufuku nchini, na ni haki. Kaushi nunua mpya.

Kabla hujavaa

Nguo za pamba zifue kwa maji ya moto na upige pasi mpaka kwenye mishono. Sufu haivumilii moto. Mwaka wangu wa pili nilipata sweta la kijani cha chupa, laini kama shavu la mtoto, nikaliloweka kwenye maji yaliyotoka kuchemka ili yaue wadudu. Nilipolitoa lilikuwa la mtoto wa chekechea, nene na gumu kama zulia. Nililia. Tangu hapo sweta la sufu nalifunga kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa wiki nzima, kisha nalifua kwa maji baridi na sabuni ya nywele, silikamui kwa kulisokota, nalikanda ndani ya taulo na kulianika likiwa limelala. Ukilitundika kwenye kamba, maji yanalivuta mpaka magotini.

Lile lililosinyaa sikulitupa. Sufu ikishikana hivyo unaikata kwa mkasi na haifumuki, kwa hiyo nilitoa kola moja na vikuku viwili vya mikono. Ninavyo mpaka leo, na mbele kidogo utaona kijani hicho kilivyonisaidia.

Kanga imeshatufundisha

Huku watu wanaogopa kuchanganya michoro. Wataniambia, "Mwalimu, drafti na maua wapi na wapi?" Mimi huwajibu kwa kanga. Itandaze kanga yoyote kitandani uitazame kama hujawahi kuiona. Yangu niliyopewa na mama ina korosho kubwa katikati, kwenye mji. Pindo lake lina vidoti vidogo, na kati ya pindo na mji umepita mstari. Michoro mitatu kwenye kitambaa kimoja, na hakuna bibi aliyewahi kusema inagombana. Kwa nini? Rangi ni tatu tu, damu ya mzee, manjano ya bizari na nyeusi, na kila rangi iliyoko kwenye mji imerudi kwenye pindo. Tena mchoro mkubwa ni mmoja, umekaa katikati, na midogo inauzunguka.

Basi vaa hivyohivyo. Chagua kwanza nguo moja iwe mji: ile yenye mchoro mkubwa na rangi nyingi, mara nyingi sketi ya kitenge au sweta lenye maua. Nyingine zote ni pindo. Kila pindo liwe na mchoro mdogo kuliko mji, na libebe angalau rangi moja kutoka kwenye mji. Si lazima rangi zifanane kama sare za kwaya. Kijani cha chupa na kijani cha mchicha ni ndugu, watakaa pamoja.

Tuchukue mfano mmoja, nguo nilizovaa Jumatatu. Mji ni sketi ya kitenge yenye majani makubwa ya kijani na ua la rangi ya chungwa, juu ya weusi. Ndani nina shati la flana la drafti ndogo, kijani na nyeusi, la kiume, lililonigharimu elfu tatu. Juu yake sweta lenye mistari myembamba nyeusi na ya maziwa. Hapo shati nimeliachia vidole viwili chini ya sweta, kola imetoka, na mikono nimeikunja juu ya mikono ya sweta ili drafti ionekane kila ninapoandika ubaoni. Vikuku vyangu vya kijani vimekaa chini ya hapo, joto liko pale pale. Soksi za chungwa. Chungwa lile lilikuwa kwenye ua peke yake, likionekana kama limepotea. Soksi zilipolirudia chini, likapata maana. Rangi ukiirudia mara mbili au tatu mwilini, watu wanajua umekusudia.

Ukiona hizo ni nyingi kwa kuanzia, anza na jozi ambazo hazijawahi kunitupa. Mistari myembamba ya nyeusi na nyeupe inakubaliana na karibu kila mchoro, ichukulie kama nguo isiyo na mchoro. Drafti na maua zinapendana kwa sababu moja imenyooka na nyingine imepinda. Vidoti vidogo na mistari, sawa. Madoa ya chui nayapenda sana kwenye skafu na siyataki kwenye koti, lakini hilo ni langu.

Kinachokataa ni michoro miwili yenye ukubwa mmoja. Nilijaribu ile sketi ya majani na sweta la Ulaya lenye nyota za theluji zenye upana wa kiganja. Rangi zilikubaliana, ila jicho halikujua litue wapi. Niliokoa siku kwa kuvaa kizibao cheusi juu ya sweta na mkanda mpana mweusi kiunoni, jicho likapata pa kutua. Nguo hizo bado ninazo zote mbili, kila moja na siku yake.

Kama huna kioo kirefu, na nyumba nyingi za kupanga hazina, mpe mtu simu akupige picha mbele ya mlango penye mwanga, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Sketi na sweta zikiyeyuka kuwa kijivu kimoja, badilisha moja kwa iliyo nyeupe zaidi au nyeusi zaidi. Rangi zinadanganya macho. Kijivu kinasema kweli.

Bitana

Hapa ndipo roho yangu ilipo. Nilinunua koti la kiume la sufu, kahawia na kijivu, lenye ule mchoro wa mifupa ya samaki, kwa elfu nane kwa sababu bitana yake ilikuwa imechanika mgongo mzima. Nilimpelekea fundi pamoja na kipande kimoja cha ile kanga ya korosho.

Ukitaka kufanya hivi, kanga ifue mara mbili kabla, isijekusinyaa au kuchuja ndani ya koti. Mwambie fundi afumue bitana ya zamani bila kuikata ovyo, kwa sababu hiyo ndiyo kipimo chake. Aache mkunjo katikati ya mgongo kama ulivyokuwa, usipoachwa koti litakubana ukinyoosha mkono. Na mikononi abakishe kitambaa cha kuteleza: kanga ni pamba, inang'ang'ania sweta, utavaa koti mkono wa sweta ukapanda mpaka kiwikoni. Fundi wangu alinieleza hili kabla sijaharibu, nikamshukuru. Kanga ilikaa kiwiliwili na kwenye mfuko wa ndani. Jina, "Wema hauozi", tulilipanga lipite kati ya mabega. Alinitoza elfu kumi na tano, karibu mara mbili ya bei ya koti, na sijutii.

Nikilifunga, ni koti la mzee wa Ulaya. Nikilifungua darasani, korosho zinawaka. Kipande cha pili cha doti nakifunga shingoni, na hapo mji na pindo vimekutana tena.

Desemba nilishuka nalo Tanga, nimelibeba mkononi tangu Segera. Mama alilitandaza mapajani, akaitambua kanga yake, akapitisha kidole kwenye jina herufi kwa herufi. Nilidhani ataniuliza kwa nini nimekata. Alilivaa, akafunga vifungo vyote, jasho likimtiririka, akakaa nalo barazani mpaka chai ilipoisha.